Bitana ya Boneti

Nchi ya Wagusii ni nchi ya milima na mvua. Mji wa Kisii umekaa kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda kuelekea Nyamira ardhi huzidi kuinuka. Mvua ya mwaka hupita milimita 1,500. Katika nchi kama hii motokaa hupata mtihani ambao haikupewa huko ilikoundwa. Na mtu aliye na motokaa kuukuu, akitaka kuitunza, hujikuta mbele ya maswali ambayo majibu yake yamo katika historia. Swali mojawapo ni hili: je, yafaa kuitia boneti bitana ya kuzuia joto na kelele?

Motokaa ya kwanza haikuwa na boneti. Carl Benz wa Ujerumani alipopata hataza yake mwaka 1886, injini ilikaa nyuma, chini ya kiti. Mwaka 1891 kampuni ya Kifaransa ya Panhard et Levassor iliihamisha injini mbele, na mtindo huo ukaenea. Boneti za zama hizo zilifunguka pande mbili mfano wa mabawa, nazo zilitobolewa matundu marefu ubavuni ili hewa ya moto itoke. Hakuna aliyefikiri kuzitia bitana.

Tangu miaka ya 1930 mambo yalibadilika. Boneti ilianza kuwa bati moja pana. Sasa, bati pana lina tabia ya ngozi ya ngoma: likitikiswa, hulia. Kisha zikaja injini za dizeli katika motokaa ndogo. Mercedes-Benz ilionyesha yake, iitwayo 260 D, mjini Berlin mwaka 1936. Dizeli hugonga kwa sauti kuliko petroli. Ndipo waundaji wengine wakaanza kubandika sufu au nyuzi zilizoshindiliwa chini ya boneti, ili kelele ipungue na rangi ya juu isiunguzwe na joto. Lakini si wote waliofanya hivyo, na hili msomaji alikumbuke.

Turudi nyumbani. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na Waingereza walijenga boma lao Getembe, ndiyo Kisii ya leo, mwaka 1907. Kwa miaka mingi mizigo ilikwenda kwa vichwa vya watu na kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Motokaa zilipoingia, zilikuta njia za udongo ambazo mvua ya saa moja huzigeuza kuwa utelezi. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari yaliyokuja kuitwa Safari, nayo yakawa mizani ya kupimia motokaa katika Afrika Mashariki. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Katika mwaka wa 1963 na wa 1968 njia zilikuwa mbaya hata magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Sifa hiyo haikupotea bure. Peugeot zenye safu tatu za viti zilichukua abiria wa masafa marefu kwa miaka mingi, na watu wazima wengi wa Kisii na Nyamira wanazikumbuka hadi leo. Zilizobaki ni chache. Kila moja ni kama hati ya kale.

Basi tuseme mtu wa Nyamira amerithi 404 ya baba yake. Fundi anamwambia, "Mzee, tukiweka bitana humu, gari litatulia." Je, akubali?

Faida zipo. Kelele itapungua, na rangi ya boneti itadumu. Lakini bitana haipoozi injini, kama wengi wanavyodhani. Kazi hiyo ni ya maji ya rejeta na upepo wa feni. Tena kwa kimo cha Kisii maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kwa hiyo mwenye motokaa inayochemka mlimani na aangalie kwanza kifuniko cha rejeta, mipira ya maji na mkanda wa feni. Zaidi ya hayo, bitana huzuia joto lisipenye bati. Injini ikizimwa baada ya kupanda mlima, joto hilo hukaa zaidi ndani, na petroli yaweza kuchemka katika kabureta hata gari likakataa kuwaka.

Hatari kubwa zaidi ni mbili. Ya kwanza ni maji. Bitana ya sufu hunywa unyevu, na katika nchi ya mvua nyingi hukaa mbichi ikilikumbatia bati. Kutu hula kwa siri. Ya pili ni moto. Bitana iliyolowa mafuta, ikilegea na kuangukia ekzosi, huwa utambi.

Aamue vipi, basi? Na afanye kama mwanahistoria afanyavyo: amuulize shahidi. Shahidi ni motokaa yenyewe. Achunguze chini ya boneti kama kuna matundu ya vibanio au mabaki ya gundi ya zamani. Lakini asiamini upesi, kwani tundu laweza kuwa limetobolewa na fundi wa juzi. Alinganishe na motokaa nyingine ya mwaka uleule, na kitabu chake cha ufundi.

Akithibitisha kwamba bitana ilikuwapo, airudishe, lakini achague ile isiyonywa maji wala kushika moto, na aifunge kwa vibanio, si kwa gundi, ili aweze kuivua na kukausha bati. Asipopata ushahidi, aliache bati wazi. Kelele ile anayotaka kuizima ndiyo sauti aliyoisikia baba yake akipanda kutoka Kisii kwenda Nyamira, na sauti nayo ni sehemu ya historia.

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Anayetunza kitu cha kale hana budi kujua kwanza jinsi kilivyoundwa, na kwa nini, kabla hajanyoosha mkono kukitengeneza.