Rejista au kibindo?

Malori ya kokoto yanayotoka machimboni Lugoba hayaliachi vumbi litulie. Katika duka moja la steshenari, kando ya barabara ya Chalinze kwenda Segera, nilikuta kompyuta inayochapa kazi asubuhi, lakini ikifika saa saba mchana inakokota miguu.

"Shikamoo mwalimu. Hii imeingiwa na virusi," kijana wa dukani akaniambia.

"Marahaba. Tuiulize yenyewe."

Ilikuwa na prosesa ya Intel na inaendeshwa kwa Linux. Nikafungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, nikaandika modprobe msr, kisha rdmsr -p 0 -f 22:16 -u 0x19c. Amri hiyo huiambia mashine: nenda kwenye rejista namba 0x19c, soma biti ya 16 hadi ya 22 tu, unipe jibu kwa tarakimu za kawaida. Jibu ni idadi ya nyuzi joto zilizobaki kabla prosesa haijafika kikomo chake. Likaja 0. Kikomo chenyewe kimeandikwa katika rejista 0x1a2; kwa mashine ile kilikuwa nyuzi 100. Hakukuwa na virusi. Prosesa ilikuwa inapunguza mwendo isiungue, kwa sababu feni imezibwa na vumbi.

Kijana akauliza rejista ni nini. Je, ni kama ile ya mahudhurio shuleni? Swali zuri kuliko alivyodhani.

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi neno kibindo, ule mkunjo wa kikoi kiunoni ambamo mzee wa pwani hutia fedha atakayoitumia sasa hivi. Diski ni sanduku la chumbani, kumbukumbu ni kapu la sokoni, rejista ni kibindo: padogo, karibu na mwili, pa kutia na kutoa papo hapo. Prosesa za Intel za biti 64 zina rejista 16 za kazi za jumla. Jumla yake ni baiti 128, hazitoshi kubeba hata ujumbe mmoja wa simu wa herufi 160. Neno sajili nililikataa mapema, maana wanaisimu wamekwisha kulichukua.

Lakini 0x19c si kibindo. Programu haikuweka kitu mle ili ikitoe baadaye. Ni prosesa yenyewe inayoandika hali yake, naye msimamizi huja kukagua. Hapo kijana alikuwa sahihi kabisa: mwalimu hutia alama, mkaguzi hufungua daftari. Kiingereza kimezipa jina moja, nasi hatulazimiki kukifuata.

Basi katika somo langu zile 16 zitabaki vibindo, na kila inayosomwa kwa rdmsr itaitwa rejista.