Kabla ya kushuka ndege, watu walikuwa wanashuka basi Nyamwage

Tairi zimegusa tu ardhi pale Dar, ndege bado inakimbia, taa ya mkanda inawaka, lakini watu washasimama. Mmoja kafungua kabati la juu, begi linaning'inia juu ya kichwa cha mzee wa watu. Wahudumu wanaomba kwenye kipaza sauti watu wakae, hakuna anayewasikia. Klipu za namna hii haziishi mtandaoni, na ukishuka kwenye komenti neno ni moja tu: ushamba. Ndege ikiwa imetoka Mtwara ndiyo kabisa, watu wa kusini wanapigwa vijembe mpaka huruma.

Haya, twende taratibu. Mwaka 2025 mamlaka ya usafiri wa anga ya Uturuki iliagiza abiria wanaosimama kabla ya ndege kusimama na taa ya mkanda kuzimwa waripotiwe na wapigwe faini. Nchi haitungi faini kwa tabia ambayo haipo. Sasa Istanbul nako kuna washamba wa Rufiji? Kumbe ni ugonjwa wa dunia nzima.

Ila kwetu haraka ya kushuka ina historia yake, na kipande kizuri cha hiyo historia kipo kwenye Barabara ya Kilwa, maeneo ya Nyamwage. Kwa asiyepajua: ukitoka Dar kupitia Mbagala unapita Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, unavuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, ukisogea mbele unaikuta Nyamwage. Hapo ndipo inapochepuka njia ya kwenda Utete, makao makuu ya Wilaya ya Rufiji. Leo basi linasimama dakika chache, watu wa Utete wanashuka, wanadaka bodaboda, safari inaendelea. Abiria wengi wa Lindi na Mtwara hapo wanapita wamelala.

Wazazi wao hawakupita wamelala.

Kabla ya mwaka 2003 hakukuwa na daraja. Mto ulivukwa kwa pantoni pale Ndundu, na pantoni lilikuwa na utaratibu wake. Basi likifika ukingoni, konda anapiga kelele, wote chini. Hakuna cha "mimi nina mtoto" wala "mimi nimelipia siti ya mbele". Basi linaingia kwenye pantoni likiwa tupu, abiria wanaingia kwa miguu. Sababu haikuhitaji elimu kubwa: gari likiteleza likaingia majini, aliyefungiwa ndani hatoki. Mpaka leo ndivyo inavyofanyika kwenye vivuko vya nchi hii, muulize yeyote anayevuka Kigamboni kwa kivuko.

Sasa angalia kitu kimoja hapo. Mzigo ulikuwa haushuki. Gunia la nazi lipo juu ya keria, tenga la kuku lipo, sanduku la harusi lipo, vyote vinabaki na gari. Binadamu anashuka mikono mitupu, kabeba mtoto wake au kamshika mkono bibi wa watu. Shika hilo, tutalirudia.

Na hiyo ni siku mto ukiwa na adabu zake. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, Rufiji ilikuwa inajaa, bonde lote linageuka bahari, na kusini inakatika na nchi. Mwenye haraka alitafuta meli Dar, na kwa miaka kadhaa MV Canadian Spirit ilikuwa jina kubwa kwa watu wa Mtwara. Mwenye hela alipanda ndege. Shirika la Ndege Tanzania, ATC, lilianzishwa 1977 baada ya lile la Afrika Mashariki kuvunjika, na Mtwara ilikuwa kwenye ratiba yake. Lakini ndege enzi hizo ilikuwa ya wakubwa, watu wa suti na mikoba ya ofisini. Mkulima wa korosho aliiangalia kutokea chini.

Basi wengi wakabaki na basi. Na ukishavuka Ndundu, mtihani wa pili ulikuwa unakusubiri ng'ambo, yaani tope. Barabara ya vumbi kiangazi, mvua ikinyesha haina tofauti na shamba la mpunga. Basi linazama mpaka kwenye ekseli. Hapo tena sauti ya konda, wote chini.

Kushuka huku kulikuwa na adabu zake ambazo hazikuandikwa popote. Wazee na wajawazito wanashushwa kwanza, wanatafutiwa pakavu. Mama mwenye mtoto mgongoni anapokelewa mlangoni na mtu asiyemjua, "lete mtoto mwanangu, shuka pole pole." Wanaume wenye nguvu wanavua viatu, wanakunja suruali, wanaingia nyuma ya gari kusukuma. Kijana akijifanya amelala ili asisukume, safari nzima jina lake ni hilo. Wengine wanakata matawi ya kutandika chini ya tairi. Watoto wa vijiji vya jirani wanatokea na mihogo na ndizi, biashara inaanza hapo hapo. Gari likinasuka linaenda kusimama mbele kwenye ardhi ngumu, maana dereva akisimama pale pale anazama tena. Kwa hiyo abiria wanatembea kulifuata, kila mtu na tope lake, wanarudi kwenye siti zile zile walizoziacha. Kuchukua siti ya mtu aliyekuwa anasukuma ilikuwa dhambi kubwa kuliko kukwepa nauli.

Unaweza kushuka na kupanda hivyo mara kadhaa kwa siku, na siku yenyewe ikaisha mkiwa bado hamjaiona Kilwa. Watu wamelala njiani, wamepika njiani. Wengine kwa kweli wamepata wachumba njiani.

Daraja likafunguliwa 2003, karibu kilomita nzima juu ya maji, likapewa jina la Rais wa wakati huo. Watu wakasema shida imeisha. Wapi! Zile kilomita 60 hivi kutoka Ndundu hadi Somanga, ambazo Nyamwage ipo humo humo, ziligoma kuisha. Sehemu nyingine za barabara zikapata lami, kile kipande kikabaki kero. Miaka karibu kumi baada ya daraja mafundi bado walikuwa wanahangaika nacho, na mvua ikinyesha wimbo unarudi ule ule, wote chini. Mtu aliyezaliwa Nyamwage mwaka daraja lilipofunguliwa ameanza shule ya msingi bado anaona watu wazima wanasukuma mabasi.

Kisha lami ikakamilika na mambo yakabadilika haraka, hata namna ya kushuka. Basi likawa halisimami njiani kwa dharura tena, watu wanakaa kwenye siti saa nyingi mfululizo, na kushuka kukahamia stendi. Stendi ya Dar ni dunia nyingine jamani. Gari linaingia Mbagala Rangi Tatu, halijasimama, wapiga debe washaning'inia mlangoni, mikono imepita dirishani, "mama begi lako lipi, taksi, bajaji, boda!" Ukizubaa begi linatembea. Ukisubiri wengine washuke kwanza, buti linafunguliwa bila wewe kuwepo, na gunia lako la korosho linapata ndugu wapya. Kwa hiyo abiria akajifunza kusimama mapema, kushika kilicho chake na kusukumana mlangoni. Kwa stendi ile hiyo ilikuwa akili, ushamba haukuhusika.

Mtu huyu huyu ndiye aliyekuja kupanda ndege. Tangu serikali ilipoanza kulifufua shirika la taifa mwaka 2016 kwa kuleta zile Bombardier Q400, wamepanda watu ambao maisha yao yote ni keria na konda. Kuna bibi anapelekwa Muhimbili, kuna kijana wa biashara ya korosho, kuna bwana harusi. Hakuna aliyewafundisha kushuka ndege, wakashuka kama wanavyojua. Wamekuja na adabu ya stendi, kwa sababu ndiyo waliyoitumia mwisho. Ile ya Ndundu waliiacha mtoni.

Na ndani ya ndege ile ya stendi haina faida. Hakuna kibaka atakayeingia dirishani. Begi kubwa lipo tumboni mwa ndege, litakuja kwenye mkanda wa mizigo kwa muda wake, kwa hiyo aliyeruka viti kumi kuwahi mlango atasimama pale kwenye mkanda na yule aliyeshuka wa mwisho, wanaangaliana. Utaratibu ni mwepesi tu, siti zilizo karibu na mlango zinaanza, safu kwa safu, mwenye mtoto au mgonjwa anasaidiwa, mwenye ndege nyingine ya kuunganisha anaomba njia na anapewa. Mlango nao si lazima uwe mbele. Kwenye ATR mlango wa abiria upo nyuma, wa siti za mwisho ndio wanatangulia. Wale wanaolipia kukaa mbele huwa wanaumia kimya kimya.

Hadi hapa ni mambo ya kuchekana. Kuna siku hayakuwa ya kuchekana.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air, ATR hiyo hiyo, ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Ndani kulikuwa na watu 43. Sehemu ya mbele ilizama, mkia ukabaki juu ya maji, na wavuvi wa pale ndio waliowahi kufika na mitumbwi. Watu 24 walipona, 19 walifariki. Nchi nzima ilikaa inaangalia ule mkia kwenye simu. Siku ile mlango wa nyuma, ambao siku za kawaida ni wa kugombania kuwahi begi, ulikuwa ndiyo njia ya kutokea.

Ndege kubwa haziruhusiwi kubeba abiria mpaka mtengenezaji aoneshe kuwa watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, huku nusu ya milango haitumiki. Hesabu hiyo haina nafasi ya mtu kufungua kabati la juu na kuvuta begi la magurudumu. Tarehe 2 Januari 2024 ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege nyingine uwanjani Haneda, Tokyo, ikashika moto. Watu wote 379 waliokuwemo walitoka wazima. Kwenye zile picha wanateleza kwenye maboya wakiacha mabegi yanaungua. Kompyuta, pasipoti, zawadi za mwaka mpya, vyote vimebaki ndani.

Wajapani wale walifanya kile kile walichokuwa wanafanya abiria wa Ndundu. Ukiambiwa wote chini, unashuka, mzigo unabaki na chombo, unamshika mkono aliye jirani yako. Babu wa mtu wa Nyamwage alilijua hilo bila kuoneshwa video ya usalama. Mjukuu wake ndiye anayepigwa picha leo akiwa kasimama kwenye siti kabla ndege haijasimama, na anayempiga picha ni wa Sinza ambaye hajawahi hata kupanda basi la Lindi.

Halafu lile somo la zamani halijaenda mbali sana. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani ya kusini, mvua ilikata barabara maeneo ya Somanga, mbele ya Nyamwage kwa anayetoka Dar. Mabasi na malori yakapanga foleni pande zote mbili, siku zikapita. Kuna abiria wa umri wa miaka ishirini na kitu waliokuwa wanasafiri kusini na simu zao, muziki masikioni, viyoyozi vinapuliza, wakaamshwa na kelele za konda ambazo mama zao wangezitambua hata usingizini.

Wote chini.