Kompyuta Inapokataa: Historia Fupi ya Umbali

Neno "sakinisha" tunalibonyeza kila wiki kwenye simu bila kuliuliza limetoka wapi. Mzizi wake ni wa Kiarabu, ule ule uliotupa "maskani": kusakini ni kukaa mahali. Kusakinisha programu, basi, ni kuipa makao. Hapa Isiolo wazo hilo halihitaji mwalimu. Mji huu una Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, wengi wakiwa na hadithi ya nyanya au babu aliyefika kutoka kwingine, na kila mtu anajua mgeni hatulii kwa kuonyeshwa ploti tu. Lazima awe na maji karibu, jirani wa kumwazima sufuria, na mtu wa kusema, "Huyu namjua."

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Siku hizi nalipa kodi ya nyumba kwa kuandika na kwa kutengeneza laptopu za mtumba. Nyingi nazitilia Linux, hasa Ubuntu, kwa sababu ni bure, na leseni halali ya Windows inaweza kukaribia bei ya mashine yenyewe. Programu ikikataa kuingia, wenyewe huniletea laptopu na sentensi moja: "Mimi na kompyuta hatuelewani." Hapo ndipo ninapobisha. Makosa mengi yanayojitokeza kwenye kioo hayahusu akili ya mtu. Yanahusu umbali, na umbali huo una historia yenye tarehe.

Linux ilianza Helsinki. Tarehe 25 Agosti 1991, mwanafunzi Linus Torvalds alitangaza kwamba anaunda mfumo wa kompyuta, na akasema ni jambo la kujifurahisha tu. Alichokuwa nacho ni kiini. Kiini peke yake hakikuandikii barua wala kukuchezea muziki, kwa hivyo watu wengine walianza kukichanganya na programu zao na kutoa mfumo kamili. Mmoja wao alikuwa Ian Murdock wa Marekani, aliyeanzisha Debian Agosti 1993. Jina hilo aliliunga kutoka la mpenzi wake Debra na lake mwenyewe. Ubuntu ya leo ni mtoto wa Debian.

Watu wa Debian walifunga kila programu ndani ya kifurushi, na kila kifurushi wakakiandikia orodha ya vifurushi vingine kinavyovitegemea. Sababu ilikuwa ya busara. Kama programu mia zinahitaji kifaa kile kile cha kuchora herufi, ya nini kila moja ije na chake? Zikiazimana, diski ndogo inatosha. Karani wa mlangoni aliitwa dpkg. Alisoma orodha, na kama jirani mmoja hayupo, alikataa. Lakini hakwenda kumtafuta. Ulitumwa wewe, ukampata, kumbe naye ana orodha yake. Wazungu waliita hali hiyo jehanamu ya utegemezi, na hawakutia chumvi sana.

Dawa ilifika Machi 1999, Debian 2.1 ilipotoka ikiwa na APT. Huyu alisoma orodha zote, akapiga hesabu ya nani anamhitaji nani, kisha akaenda mwenyewe ghalani kuleta kila kitu. Amri moja, kazi kwisha. APT iliweza kusoma CD pia, lakini utamu wake wote ulikuwa kwenye ghala la mtandaoni. Na utamu huo ulibeba dhana moja: kwamba kati yako na ghala kuna njia, na njia iko wazi.

Sasa tazama njia yetu mwaka huo huo. Intaneti ya Kenya ilitoka nje kupitia Jambonet ya Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee, na ilitoka kwa setilaiti. Hakukuwa na kebo ya chini ya bahari upande wetu. Hata barua pepe kati ya wateja wa kampuni mbili za Nairobi ilipanda angani, ikafika ng'ambo, ikarudi. Ni kama mama wa Isiolo amuuzie jirani yake maziwa ya ngamia, lakini maziwa yalazimike kupanda basi hadi Eastleigh, kisha yarudi. Kampuni za intaneti ziliamua kujijengea mahali pa kubadilishana mizigo hapa hapa nyumbani, na KIXP ikafunguliwa Novemba 2000. Telkom ililalamika, tume ya mawasiliano ikaifunga baada ya muda mfupi. Ilifunguliwa tena Februari 2002, safari hii kwa leseni.

Mtu wa wakati huo akiagiza vifurushi vya megabaiti 50 kwa modemu ya laini ya simu, alikuwa anangoja karibu saa mbili hata laini isipokatika, na simu ikimhesabia dakika. Huyo ni wa Nairobi. Sisi wa huku, lami yenyewe ilikuwa inaishia Isiolo. Kwenda Moyale ilikuwa mawe na vumbi. Dawa iliyotibu jehanamu ya wengine kwetu ilikuwa ahadi tu.

Walioelewa hilo walirudi kwenye njia ya kale: mzigo ubebwe kwa mkono. Tarehe 20 Oktoba 2004 ilitoka Ubuntu ya kwanza, 4.10. Nyuma yake alikuwa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, aliyetajirika alipouza kampuni yake Thawte mwaka 1999, kisha mwaka 2002 akaenda angani. Jina alilichota kwenye lugha za kwao, na Mswahili akilisikia anaona "utu" umekaa humo. Kampuni yake, Canonical, ilituma CD kwa posta bila malipo, popote duniani. Uliomba, ukangoja wiki kadhaa, bahasha ikaja. Huduma hiyo iliitwa ShipIt, na ilidumu hadi Aprili 2011.

Mwaka huo huo wa 2004, mwezi wa Desemba, Dar es Salaam walikuwa wanapunguza umbali wa aina nyingine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice: programu ya kazi za ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kuna watu waliokaa chini wakabishana neno kwa neno jinsi Mswahili atakavyoambiwa ahifadhi kazi yake au aifungue. Ukiona leo programu inakusemesha kwa lugha yako, ujue kuna meza watu walikalia.

CD ilikuwa na ukomo wake, hata hivyo. Ubuntu ilikuja bila kifaa cha kucheza MP3, kwa sababu za hataza. Kifaa kilikuwepo ghalani, bure, amri moja tu. Yaani mashine imewaka, ina programu za ofisi na kivinjari, lakini haikuimbii wimbo mpaka upate intaneti. Sasa mwambie kijana wa mtaani hiyo ndiyo kompyuta ya kisasa.

Kebo ya TEAMS ilifika Mombasa Juni 2009, na SEACOM ikaanza kazi Julai. Umbali wa kilomita ulipungua sana. Umbali uliobaki, ule ninaokutana nao kila wiki, ni wa wakati, wa stima na wa bando. Na huo unasomeka kwenye ujumbe wa kosa, ukijua kusoma.

Namba 404 ni umbali wa wakati. Matoleo ya Ubuntu hupewa majina ya mwaka na mwezi: 17.10 ni Oktoba 2017. Toleo la kawaida huhudumiwa miezi tisa, kwa hivyo 17.10 ilifungiwa Julai 2018 na vifurushi vyake baadaye vikahamishiwa ghala la kale, old-releases.ubuntu.com. Laptopu ya mtumba haijui. Inabisha mlango wa zamani na kujibiwa kwamba hakuna kitu. Ukibadilisha anwani kwenye orodha ya maghala itapata vifurushi, ila bila marekebisho ya usalama. Afadhali kuweka toleo la LTS, linalohudumiwa miaka mitano.

Kuna kosa jingine la wakati ambalo huchekesha hadi likukute. APT inasema taarifa za ghala bado hazijaanza kutumika, "not valid yet". Sasa ghala la leo litakuwaje la kesho? Betri ndogo ya saa ndani ya laptopu imekufa, na kila ikizimwa mashine inarudi miaka ya nyuma. Kwa kalenda yake, ghala linatoka siku zijazo, na APT inalikataa, maana tarehe ni sehemu ya ulinzi wake. Rekebisha tarehe, jaribu tena. Betri mpya ni bei ya chai na mandazi.

"Could not get lock" inamaanisha kuna mtu mwingine ghalani ameshika kufuli. Mara nyingi ni sasisho la kimya kimya, na pengine ndilo lililokuwa linakula bando lako. Usifute faili la kufuli kwa hasira. Ngoja amalize.

Na stima ikipotea katikati ya kazi, dpkg huamka ikilalamika kwamba ilikatizwa. Ujumbe wenyewe unakupa tiba: sudo dpkg --configure -a. Ikiwa bado kuna jirani aliyekosekana, sudo apt --fix-broken install itamfuata. Angalia hapo: aliyeandika amri hizo alijua kuna mahali umeme hukatika. Hakudhani wewe ni mjinga.

Bando nalo lina dawa yake, na ni ile ile ya bahasha za posta. Mwalimu mmoja kutoka upande wa Merti aliniletea laptopu sita zinazofanana, zote na toleo moja la Ubuntu, zote zikihitaji programu zile zile. Kupakua mara sita kungemaliza pesa za wiki. Kwenye ya kwanza nilitumia apt-get install --download-only, vifurushi vikaingia /var/cache/apt/archives. (Sikutumia apt fupi, maana hiyo hufuta vifurushi ikishasakinisha.) Nikavinakili kwenye flashi, na tano zilizobaki zikala kutoka mle, dpkg -i moja baada ya nyingine. Bando moja, mashine sita. Mwalimu aliomba aondoke na ile flashi, kwa sababu kuna shule jirani.

Kwa hivyo mtu akiniambia hawaelewani na kompyuta, namgeuzia kioo na kumuuliza: hapa imeandikwa nini hasa? Tunasoma pamoja, polepole. Karibu kila mara ujumbe unataja kitu kilicho mbali: ghala lililohama, saa iliyobaki nyuma, jirani ambaye hajafika. Kuna watu Helsinki, Dar na Nairobi ambao wamekuwa wakivuta vitu hivyo karibu tangu kabla sijazaliwa. Mwalimu wa Merti sasa ni mmoja wao. Flashi yake ni ya gigabaiti 16, na shule ya jirani iko mwendo wa saa moja kwa pikipiki.