Karata na Karuta

Anayekulia karibu na mdomo wa Mto Ruvuma hujua mapema kwamba lugha zimepangwa kwa ngazi. Kwetu, katika vijiji vya Ghuba ya Mnazi, Kimakonde ni cha nyumbani, Kiswahili ni cha shule na sokoni, Kiingereza ni cha cheti. Ng'ambo ya mto, Msumbiji, Wamakonde wenzetu wana ngazi kama hiyo, ila juu kabisa kimekaa Kireno. Mpaka uliotugawa Ujerumani na Ureno waliukubaliana mwaka 1886.

Nikiwa sasa nasomea shahada ya uzamili, bado nasikia ngazi hiyo ikitetewa, tena kwa hoja ya sauti. Mwanafunzi mwenzangu husema Kiswahili ni laini mno: kila neno linaishia kwa irabu, kinafaa taarabu na mahaba, si fizikia. Kiingereza, anasema, kina mifupa.

Jibu langu huanzia Japani. Wareno walipita pwani yetu ya Afrika Mashariki na Vasco da Gama mwaka 1498. Mwaka 1543 walitia mguu katika kisiwa cha Tanegashima, Japani. Kote kuwili waliacha neno lao carta. Sisi tukalifanya karata, Wajapani wakalifanya karuta, na kote maana ni ileile ya kadi za kuchezea. Vinywa vyote viwili havikutaka r na t zigusane, basi kila kimoja kikapachika irabu yake katikati. Baadaye Waingereza wakaleta brush. Mswahili akasema burashi. Mjapani naye akasema burashi, herufi kwa herufi. Bus ikawa basi kwetu, basu kwao. Kiingereza chenyewe hakioni shida kubana sauti: neno strengths ni silabi moja, lina irabu moja tu.

Kwa hiyo, ikiwa ulaini wa irabu unaizuia lugha kubeba sayansi, Kijapani kingepaswa kuwa cha kwanza kushindwa. Na kweli wapo walioamini kitashindwa. Mwaka 1872 Mori Arinori, mwakilishi wa Japani mjini Washington, alimwandikia mwanaisimu Mmarekani William Dwight Whitney kuhusu wazo la kukifanya Kiingereza kuwa lugha ya nchi yake. Aliona Kijapani ni lugha fukara, isiyofaa kitu nje ya visiwa vyake. Whitney, ambaye lugha yake ndiyo iliyokuwa ikisifiwa, alimshauri asifanye hivyo.

Jibu zito zaidi lilitoka kwa kijana aliyekuwa akisoma London, Baba Tatsui, mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu hivi. Mwaka 1873 alichapisha kitabu cha sarufi ya Kijapani, kwa Kiingereza, kuonyesha kwamba lugha hiyo ina mpangilio wake kamili. Katika utangulizi alitoa hoja isiyohusu sauti hata kidogo: maskini hawana muda wa kujifunza lugha ya kigeni, hivyo taifa litapasuka kati ya wachache wanaoelewa na wengi wasioelewa.

Japani ikaingia kazini. Nishi Amane akaunda neno tetsugaku kwa maana ya falsafa. Wengine wakaunda mengine kwa maelfu. Mwaka 1949 Yukawa Hideki, aliyesomea fizikia Kyoto, akawa Mjapani wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel. Makala iliyomletea tuzo hiyo, ya mwaka 1935, aliichapisha kwa Kiingereza ili dunia isome. Kiingereza kilimfaa kama mlango wa kutokea. Hakikuwa kizuizi cha kuingilia.

Hapa kwetu, Nyerere alijibu wenye shaka kwa vitendo. Alimtafsiri Shakespeare mara mbili, mwaka 1963 na 1969. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi. Lakini sekondari ilibaki kwa Kiingereza, na hofu ya Baba inasimama kila Januari kwenye mlango wa kidato cha kwanza. Mtoto wa mvuvi anayejua mikondo ya maji ya ghuba kuliko mwalimu wake anageuka bubu kwenye somo la jiografia.

Hoja hii inanikata na mimi pia. Tunaokitetea Kiswahili mbele ya Kiingereza ndio tunaocheka lafudhi ya Kimakonde darasani, na kuiita lugha ya shamba. Ni maneno ya Mori, yameshuka ngazi moja. Kimakonde nacho kina sarufi inayongoja mtu wa kuiandika vizuri na kuifundisha kwa watoto wake. Sauti ya lugha inakuambia ilivyo tamu au nzito mdomoni. Uwezo wake utauona kwenye kazi ambayo wenyewe wamekubali kuifanya.