Matuta, Miche na Makaa

Aprili 1948, zaidi ya wanawake 2,000 walifika makao makuu ya wilaya ya Fort Hall, ndiyo Murang'a ya leo, wakiimba na kucheza. Walikuja kumwarifu mkuu wa wilaya kwamba hawachimbi matuta tena. Serikali ya kikoloni ilitaka udongo wa miteremko ulindwe, nao machifu wakalazimisha watu kwenda kuchimba. Wanaume wengi walikuwa Nairobi au kwenye mashamba ya walowezi, hivyo kazi iliwaangukia wanawake, ambao bado walikuwa na kuni za kutafuta, maji ya kuteka na watoto wa kulisha. Mmomonyoko ulikuwepo kweli. Kosa lilikuwa kuwatwisha mzigo bila kuwashirikisha. Mapema zaidi, mwanamke mmoja, Wangu wa Makeri, alikuwa ameongoza eneo la Weithaga huko huko Murang'a kuanzia 1902 hadi 1909, lakini uongozi wake haukuwafungulia mlango wanawake wengine.

Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, Nyeri, alianzia hapo hapo penye shida ya kuni na maji. Mwaka 1977, kupitia Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, alianzisha upandaji miti uliokuja kuitwa Green Belt Movement. Wataalamu wa misitu hawakuamini kwamba wanawake wasio na vyeti wangeweza kuotesha miche. Wakaotesha. Waliokota mbegu za miti ya kwao, wakazisia kwenye makopo na vyungu vilivyovunjika, na kwa kila mche ulioshika wakalipwa fedha kidogo. Malipo yalifuata uhai wa mti, na mwenye kuutunza ndiye aliyelipwa. Kwangu mimi, huo ndio uamuzi mkubwa wa Maathai kuliko yote.

Siasa haikumpokea kwa urahisi. Mwaka 1982 alizuiwa kugombea ubunge kwa hoja za usajili wa wapiga kura, na kazi yake ya chuo kikuu ikaenda. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru. Januari 1999 alipigwa hadi kutoka damu akitetea msitu wa Karura. Hatimaye, 2002, watu wa Tetu walimpeleka bungeni, na mwaka uliofuata akawa waziri msaidizi wa mazingira. Sheria ya Misitu ya 2005 ikazipa jamii zinazoishi kando ya misitu nafasi ya kushiriki katika usimamizi wake.

Charity Ngilu, aliyegombea urais 1997 kama alivyofanya Maathai, alichaguliwa gavana wa Kitui mwaka 2017. Pamoja na Anne Waiguru wa Kirinyaga na Joyce Laboso wa Bomet, walikuwa magavana wanawake wa kwanza Kenya. Mapema 2018 Ngilu alipiga marufuku makaa na mchanga kutolewa nje ya kaunti. Namuunga mkono: miti ya Kitui ilikuwa ikiishia kwenye majiko ya miji ya mbali, na mito ikibaki mikavu. Hata hivyo, wachomaji makaa wa vijijini walihitaji njia nyingine ya kupata karo za watoto kabla ya malori kusimamishwa.