Lehemu: Kuunga Bila Kuyeyusha

Kazi ya kuunga nyaya kwa kifaa cha umeme hutajwa kwa majina mengi katika vibanda vya mafundi wa Mombasa: kuchoma, kuchomelea, kusolda. Jina lake lipo siku nyingi. Ni kulehemu, na kamusi ya Kiswahili ya Johnson ya 1939 inalo. Tumelipata kwa Waarabu, katika mzizi ule ule unaotoa neno la nyama na la jeraha linalofunga. Silitetei kwa ukongwe wake. Nalitetea kwa sababu anayelielewa ameshaelewa nusu ya kazi.

Katika kuchomelea, kama wafanyavyo wanaotengeneza mageti, vyuma vyenyewe huyeyuka mahali vinapokutana. Katika kulehemu, kinachoyeyuka ni waya wa kulehemia peke yake. Shaba huyeyuka kwenye nyuzijoto 1085, hali waya wenye bati asilimia 63 na risasi asilimia 37 huyeyuka kwenye 183 tu. Hapo ndipo matumizi yote ya pasi ya kulehemu yanapotoka. Ncha huwekwa igusane kwa pamoja na mguu wa kifaa na shaba ya bodi, viwili hivyo vipate moto sekunde mbili au tatu, kisha waya uguswe pale pa kuunganisha, wala si kwenye ncha. Waya huondolewa kwanza, pasi baadaye, na kiungo hakitikiswi mpaka kigande. Anayedhani anachomelea huyeyusha waya kwenye ncha na kuudondosha juu ya shaba isiyo na moto. Utomvu ulio ndani ya waya, ambao kazi yake ni kusafisha shaba, huwa umekwisha kuungua njiani, na tone hukaa juu bila kushika. Penginepo kiungo hicho kingevumilia miezi. Katika mtaa wa Kizingo hapa Mombasa, ambako pepo za bahari ya wazi huingia moja kwa moja, unyevu wa chumvi hupenya katika ule ufa mwembamba, na redio iliyotengenezwa juzi huanza kukatakata. Ncha nayo haipigwi tupa: juu ya shaba yake pana ngozi nyembamba ya chuma, na ikitoka hiyo, ncha italika upesi. Hupanguswa kwa sponji yenye maji, ikapakwa bati kidogo kabla ya kuzimwa.

Patakuwa na atakayesema kwamba mteja haelewi lehemu, na solda yatosha. Hoja hiyo ina uzito. Neno lisilosemwa halimsaidii mtu. Lakini sababu ya kutosemwa inajulikana. Chuo cha MIOME, kilichoasisiwa 1948 na ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kiko kisiwani humu humu, na bado ufundi nchini husomeshwa kwa Kiingereza. Istilahi ya Kiswahili haina darasa ila kibanda cha fundi, na mwanagenzi atasema analolisikia kwa mwalimu wake. Ama kifaa chenyewe cha kulehemia, wengine hupendelea kukiita chuma cha kulehemu. Mimi naona pasi ni bora, kwani kila nyumba inaijua pasi kuwa ni chuma cha moto kinachogusishwa kitu ili kukipa joto, bila kukiunguza.

Jina ninalolipinga kwa nguvu zaidi ni risasi, kwa wanaouita hivyo waya wenyewe. Hata waya wa zamani ulikuwa na bati nyingi kuliko risasi, na tangu Julai 1, 2006 Umoja wa Ulaya umezuia risasi katika vifaa vingi vya elektroniki. Waya wa bati, fedha na shaba uliochukua nafasi yake huyeyuka karibu na nyuzijoto 217, kwa hiyo pasi huhitaji moto zaidi. Anayeziita zote risasi hatajua kwa nini leo waya haukimbii kama jana. Na waya ulio na risasi kweli huficha hatari yake: moshi unaowasha macho ni wa utomvu, nao wataka dirisha wazi, lakini risasi humwingia fundi kwa vidole anapokula bila kunawa kwa sabuni. Wauza vipuri wangefaa kuandika kwenye kila kibiringo, kwa Kiswahili, kama waya huo wa kulehemia una risasi au hauna.