Maziwa, Jibini na Bonde Letu la Kilombero

Wakristo wengi wa parokia zetu wamelisikia neno jibini kanisani kabla ya kuiona sahanini. Twasoma kwamba Daudi, alipotumwa na baba yake Yese kwenda kuwatazama ndugu zake vitani, alichukua jibini kumi za kumpa mkuu wa kikosi chao. Watoto wa mafundisho hutuuliza jibini ni kitu gani, na kwa nini wazee wetu hawakuitengeneza. Yatupasa kuwajibu vema, maana jawabu lake ni sehemu ya historia ya bonde letu.

Jibini ni maziwa yaliyogandishwa, yakatolewa maji yake, yakatiwa chumvi, na mara nyingi yakawekwa siku nyingi yapate kukomaa. Kigandisho cha asili hutoka katika tumbo la ndama anyonyaye. Kazi ni moja, lakini maziwa si ya namna moja. Ya kondoo ni mazito, mafuta yake kama sehemu 7 katika 100, hata lita 5 au 6 zaweza kutoa kilo moja ya jibini, ambapo ya ng'ombe wa Ulaya yataka kama lita 10. Jibini ya mbuzi ni nyeupe, kwa kuwa mbuzi huigeuza rangi ya manjano ya majani kuwa vitamini. Ng'ombe huiacha nyingine katika mafuta, ndiyo maana siagi yake ina umanjano. Maziwa ya ngamia nayo ni magumu kugandishwa kwa kigandisho cha ndama.

Hata ng'ombe kwa ng'ombe hutofautiana. Friesian, yule mweusi mwenye mabaka meupe, hutoa maziwa mengi lakini mepesi. Ng'ombe wa kahawia wa Uswisi hutoa maziwa yagandayo imara, yafaayo kwa jibini ngumu ya kukaa. Katikati ya nchi hiyo jibini iitwayo Sbrinz hutengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe hao peke yao, nayo hukomazwa zaidi ya mwaka. Ng'ombe wetu wa nundu ana maziwa yenye mafuta mema, kama sehemu 5 katika 100, lakini ni haba: mara nyingi lita moja au mbili kwa siku, tena hayaachilii mpaka ndama awe karibu. Mwenye ng'ombe huyo hupata mtindi na samli. Kujaza chungu cha jibini ni taabu.

Mwaka 1921 Mapadre Wakapuchini wa Uswisi walianza kazi katika nchi yetu, na Masista wa Baldegg pamoja nao. Nyumba mama ya Masista hao iko Luzern, katika nchi ile ile ya Sbrinz. Basi watu waliokulia penye jibini walifika katika bonde la wali na samaki, lenye ng'ombe wachache mno. Mgeni aweza kudhani kwamba Wandamba na Wambunga hawakufuga kwa uvivu. Sivyo. Kizuizi kilikuwa mbung'o. Inzi huyu huchukua vijidudu vya nagana, na ng'ombe aliyeshikwa hukonda, huharibu mimba, hukauka maziwa, mwisho hufa. Nyati na wanyama wengine wa porini huwa navyo mwilini bila kuugua sana. Hivyo mbuga zilizomlisha nyati na sheshe zilimwua ng'ombe.

Toka miaka ya 1980 mambo yaligeuka. Wasukuma, Wamasai na Wabarabaig walishuka bondeni na makundi yao. Dawa za mifugo zilipatikana, misitu ilikatwa, wanyama wa porini wakapungua, na mbung'o naye akakosa maficho. Maziwa yakaja, na ugomvi ukaja pamoja nayo: ng'ombe waliingia katika mpunga, na malisho yakaenea katika ardhi oevu iliyotiwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2002. Mwaka 2012 Serikali iliwaondoa wafugaji wengi na mifugo yao kwa nguvu. Mwaka huo huo Jimbo la Ifakara lilizaliwa kutoka Jimbo la Mahenge.

Wako miongoni mwetu wasemao kwamba wafugaji ni wageni, na warudi kwao. Tukumbuke kwamba waliotuletea Injili nao walikuwa wageni, na watoto wa wafugaji leo hukaa katika benchi moja na watoto wa wakulima. Lakini na mfugaji asikie pia: ng'ombe mia wenye maziwa haba hula bonde zima. Wachache waliotunzwa, wakilishwa hata mabua ya mpunga baada ya mavuno, humfaa mwenyewe na jirani yake.

Basi, walimu wenzetu, mtoto akiwauliza habari za jibini za Daudi, mwelezeni kwamba kila nchi humlea mnyama wake, na kila mnyama ana maziwa yake. Kisha mwagizeni awaambie wa nyumbani wachemshe maziwa kabla ya kunywa, maana maziwa mabichi yaweza kuleta homa ya kutupa mimba na kifua kikuu, na magonjwa hayo hayaulizi kama mnywaji ni mkulima au mfugaji.